Posa ya Ruthu Wakati wa Mavuno

Vijana wetu wapenda sana habari za watu waliopendana, nao wazitafuta popote, hata katika vitabu visivyowafaa. Walakini katika Agano la Kale mna kitabu kifupi, sura 4 tu na aya 85, ambacho karibu chote ni habari ya mume na mke walioonana shambani mavuno yalipoanza, wakaoana yalipokwisha. Ndicho Kitabu cha Ruthu. Wengi wetu twasoma maneno ya Ruthu kwa mkwewe njiani, kisha twafunga kitabu. Tena wako waalimu waiachao sura ya tatu wafundishapo vijana, maana waona haya. Mimi naona wawanyima vijana mahali penyewe.

Kwanza tujue majira ya huko. Bethlehemu uko juu ya milima ya Yudea, na maana ya jina lake ni nyumba ya mkate. Mvua hunyesha wakati wa baridi. Tangu Mei hata Oktoba ni ukavu mtupu, au karibu na hivyo. Shayiri hutangulia kukomaa, yapata Aprili, na ngano huifuata. Naomi na Ruthu walifika shayiri ilipoanza kukatwa, nao walikuwa wajane wawili, hawana mwana wala akiba.

Basi Ruthu akaenda kuokota masazo. Torati ilimkataza mwenye shamba asivune pembe za shamba lake wala asirudie masuke yaliyoanguka, bali ayaache kwa maskini na mgeni (Walawi 19:9-10). Ni amri njema, lakini kila mama ajua hatari ya binti aliye peke yake kondeni kati ya vibarua wasiomjua. Waliopata kulinda ndege katika dungu, mbali na nyumba, watanielewa. Boazi naye aliijua hatari hiyo. Tazameni aliyoyafanya kabla ya neno lolote la posa. Aliuliza yule kijana mwanamke ni wa nani. Aliwakataza vijana wake wasimguse. Akampa ruhusa kunywa maji waliyoyateka wao, na wakati wa chakula akampa bisi kwa mkono wake, naye akala, akashiba, akabakiza. Kisha akawaagiza wavunaji wachomoe masuke katika miganda na kuyaacha chini kusudi, wala wasimkemee. Jioni Ruthu akayapura aliyookota, yakawa kama efa moja, yaani yapata lita 22, mzigo mzuri wa kichwa. Zile bisi alizobakiza akampelekea mkwewe. Hapo ndipo Naomi alipoanza kufikiri.

Mavuno ya shayiri yakaisha, na ya ngano yakaisha, yapata majuma saba. Muda huo wote Ruthu alikaa kwa mkwewe, na Boazi hakunena neno. Nadhani alijiona mtu mzima mno kwake, kwani baadaye alimsifu kwa kutowaandama vijana, maskini kwa matajiri.

Sasa ile sura ya tatu. Watu wa huko zamani walikuwa wakipepeta nafaka jioni, upepo uvumapo, na Boazi alilala penye chungu yake ya nafaka. Naomi, akiwa mfano wa mshenga na kungwi pamoja, alimwagiza Ruthu aoge, ajipake mafuta, avae, aende kulala miguuni pake. Na Boazi, alisema, atamwambia la kufanya. Lakini soma vizuri: Boazi alipogutuka usiku, ni Ruthu aliyemwambia yeye la kufanya! Alimtaka atande upindo wa nguo yake juu yake, maana ni jamaa aliye karibu. Katika Kiebrania neno la upindo na neno la bawa ni moja, kanafu. Kule shambani Boazi alikuwa amemwombea heri kwa Mungu aliyemkimbilia chini ya mabawa yake. Sasa mwanamke amrudishia neno lake mwenyewe. Wala Boazi hakuutumia usiku ule vibaya. Alisema yuko jamaa aliye karibu zaidi, sharti aulizwe kwanza. Akalilinda jina la Ruthu ili watu wasijue kwamba alikuja, akampa vipimo sita vya shayiri, asirudi kwa mkwewe mikono mitupu.

Asubuhi Boazi akaketi langoni pamoja na wazee kumi. Yule jamaa alilitaka shamba. Aliposikia kwamba Ruthu yumo katika shauri, akakataa. Hapa wazee wa kanisa wasikilize, kwa maana katika koo zetu nyingi mjane kijana alirithiwa na ndugu za mumewe pamoja na mbuzi na majembe, asiulizwe. Ruthu hakutwaliwa hivyo: alinena kwa kinywa chake, akampata aliyemtaka. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 68, yasema kwamba mjane yu huru kukaa apendapo, na kukaa bila mume au kuolewa na amchaguaye, hata mila ikisema vingine. Mzee asemaye kwamba Biblia yaamuru mjane arithiwe kwa nguvu, mwulizeni ni nani aliyemlazimisha Ruthu.

Tena alikuwa Mmoabi, na Wamoabi walikatazwa kuingia katika mkutano (Kumbukumbu 23:3). Boazi hakuuliza kabila mara ya pili. Labda ni kwa sababu mamaye mwenyewe alikuwa mgeni, kwani Mathayo 1:5 yamtaja kuwa Rahabu.

Mwana akazaliwa. Naomi akampakata, akawa mlezi wake, na majirani wanawake, wale wale waliomshangaa aliporudi mikono mitupu toka Moabu, ndio waliomtungia jina, wakamwita Obedi.