Nguruwe, Ngiri na Kitimoto

Neno nguruwe lina umri mkubwa kuliko ufugaji wa nguruwe kwenye miteremko ya Mlima Meru, kwa kuwa ndugu zake, kama vile ingurube ya Kinyarwanda na ingulube ya Kizulu, huonyesha kwamba lilikuwamo katika lugha mama ya Kibantu, wakati ambapo aliyetajwa kwa jina hilo alikuwa mnyama wa msituni. Nguruwe wa kufugwa alipoenea baadaye alilitwaa jina hilo, na mwenye jina akalazimika kuongezewa sifa, akaitwa nguruwe mwitu, ingawa ndiye huyohuyo anayetoka msituni usiku na kufukua viazi vya wakulima. Ngiri, anayeonekana mchana akilisha katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha iliyoanzishwa mwaka 1960, ni mnyama mwingine kabisa, na Waarusha, ambao lugha yao ni Kimaa, humwita olbitir. Katika Kiswahili neno lilelile ngiri hutaja pia ugonjwa wa utumbo kuchomoza kupitia upenyo wa misuli ya tumbo.

Mjini Arusha, hata hivyo, anayeagiza nyama ya nguruwe kwenye baa hutaja nusu kilo ya kitimoto, mbuzi katoliki au mdudu, na majina haya ni tafsida, yaani maneno ya staha yanayochukua nafasi ya neno zito. Uzito wenyewe ni wa kweli: nguruwe ni haramu kwa Waislamu, kumwita mtu nguruwe ni tusi, na mwezi Aprili 1993 mabucha ya nyama hiyo yalishambuliwa jijini Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo si haki kuliona neno kitimoto kuwa uhuni wa vijana, maana linawawezesha majirani wa dini mbili kupita mlango mmoja wa baa bila kukwazana.

Asili ya neno kitimoto husimuliwa kuwa ni kiti cha moto, yaani hali ya mlaji asiyetulia kwa kuhofu kuonekana. Kama kiti kingetawala, ingesemwa kitimoto kimeiva, kwa upatanisho wa ngeli ya KI-VI. Lakini wasemaji wengi husema kitimoto imeiva, kama wasemavyo nyama imeiva, na mnyama akiwa bado hai bandani husema kitimoto wake amezaa.