Mkono Utangulie, Hadithi Ifuate

Mchoraji anayeanza kazi bila kujua atachora nini hudhaniwa kuwa mvivu. Mfaransa André Masson (1896–1987) alifanya hivyo makusudi, na anachotufundisha kinawafaa sana walimu na vijana wa sanaa wa mkoa wa Mara.

Masson alijeruhiwa vibaya vitani mwaka 1917. Baadaye alijiunga na Wasurealisti wa Paris, washairi na wachoraji walioamini kuwa ndoto hubeba ukweli ambao akili ikiwa macho huuzuia. Alishika kalamu ya wino akaiacha ikimbie karatasini bila mpango. Mistari ilipopishana, ndipo alipoanza kuona jicho, mkono au ndege, naye akaongeza mstari hapa na pale mpaka umbo likajitokeza.

Mwaka 1926 alileta mchanga. Alipaka gundi kwenye turubai, akamwaga mchanga, kisha akaukung'uta. Ulionata ulimwachia maumbo asiyoyapanga, akayakamilisha kwa penseli, makaa na rangi. Ndivyo ilivyopatikana picha yake ya vita vya samaki. Aliyewahi kuona mchanga wa ufukwe wa Musoma ukinasa kwenye wavu uliolowa ataielewa mbinu hii upesi.

Lakini mkono ulioachiwa huru huleta maumbo tu, maana hutafutwa. Katika miaka ya 1930 Masson aliitafuta kwa Wagiriki wa kale, hasa katika hadithi ya Minotaur, kiumbe nusu mtu nusu fahali aliyefungiwa na mfalme Minos ndani ya jumba la njia za kupoteza watu. Katika picha yake ya mwaka 1938, jumba lenyewe limo mwilini mwa kiumbe huyo. Mtu aliyeona vita, huku Ulaya ikielekea vita vingine, alikuwa anasema kwamba unyama tunaouogopa tunatembea nao.

Tanzania tunaye Samaki Likankoa, mchonga vinyago wa Kimakonde aliyefanya kazi Dar es Salaam. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1950 kinyago chake kilivunjika mkono, naye badala ya kukitupa akakigeuza kuwa shetani. Mfanyabiashara Mohamed Peera alivutiwa, akamhimiza aendelee, na mtindo mzima wa vinyago vya mashetani ukastawi. Umbo lilitokana na ajali. Uhai wake ulitoka katika simulizi za Wamakonde. Baadaye George Lilanga, aliyefanya kazi katika kituo cha Nyumba ya Sanaa, aliwachora mashetani hao kwa rangi kali, wakajulikana ng'ambo.

Simulizi za namna hiyo Mara zipo. Waikizu wa Bunda wana habari za Nyakinywa, mwanamke mwenye uwezo wa kuleta mvua aliyekuja kutoka eneo la Kanadi akawa mtemi. Wala hadithi ya mbali si haramu: Mwalimu Nyerere wa Butiama alimtafsiri Shakespeare, na Juliasi Kaizari akazungumza Kiswahili safi.

Kwa hiyo, mwalimu wa sanaa aligawe somo katika hatua mbili. Kwanza wanafunzi waachie mkono, bila kufuta na bila kuogopa kukosea. Kisha wakae na walichochora, wasimuliane hadithi wanazozijua, waamue ni ipi inayoishi humo. Anayeishia hatua ya kwanza amefanya mazoezi ya mkono. Anayeanza na ya pili huchora alichokwisha kukijua. Mchoro mpya huzaliwa pale hatua hizo mbili zinapokutana.