Jinsi ya kukadiria uzito wa maji juu ya dari za nyumba kongwe

MVUA ya masika inapopiga Pwani ya Kenya, wenye nyumba za kale za mawe katika miji kama Takaungu, Kaunti ya Kilifi, huhofia kuvuja. Hata hivyo, hatari kubwa zaidi huwa ni uzito wa maji yanayotuama juu ya dari.

Takaungu, ambako tawi moja la Wamazrui lilihamia mnamo 1837 baada ya Sayyid Said kuitwaa Mombasa, ni miongoni mwa miji ya Waswahili iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Katika dari za aina hiyo, boriti za mikoko hulazwa kutoka ukuta hadi ukuta, kisha juu yake hupangwa mawe na kushindiliwa chokaa. Kwa kuwa boriti ndefu hupinda upesi, vyumba vingi vya namna hiyo havizidi upana wa mita tatu hivi.

Dari hiyo ni nzito hata wakati wa kiangazi. Ikiwa na unene wa sentimita 30, na mita moja mchemraba ya mawe na chokaa ikikadiriwa kuwa na kilo 1,800, kila mita mraba hubeba kilo 540.

Hesabu ya maji ni rahisi. Sentimita moja ya maji juu ya mita moja mraba ni lita 10, yaani kilo 10. Mlizamu ukizibwa na majani, na maji yakafikia kina cha sentimita 10 juu ya chumba cha mita tatu kwa sita, mzigo unaoongezeka ni kilo 1,800. Huo ni sawa na magunia 20 ya mahindi ya kilo 90.

Katika nchi za baridi, theluji hukadiriwa kwa njia iyo hiyo: kina huzidishwa kwa eneo na kwa uzito wa mita moja mchemraba. Tofauti ni kwamba theluji mpya huwa na kilo 50 hadi 100 tu kwa mita mchemraba, ilhali maji yana kilo 1,000.

Maji pia huzidisha madhara yake yenyewe. Boriti zikipinda, katikati ya dari huwa bonde. Bonde hukusanya maji zaidi, nazo boriti huzidi kupinda. Chokaa nayo hunywa maji, na kila lita huongeza kilo moja.

Baadhi ya watu huziba nyufa kwa kumwaga saruji juu ya chokaa. Tabaka la sentimita tano huongeza takriban kilo 100 kwa kila mita mraba, na mzigo huo haukauki jua linapowaka.

Kwa hivyo, ni muhimu kuzibua milizamu kabla ya mwezi wa Aprili, na kukagua boriti kutoka chini. Zikionekana kupinda, kutoa unga wa mchwa au kupasuka zinapoingia ukutani, chumba kihamwe na fundi aitwe kabla ya mtu yeyote kupanda juu.