Kabla Hujaipeleka Barua Kiomboi

Pale Misigiri, barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega inakutana na ile inayochepuka kwenda Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba. Njia panda haikosi biashara. Mabasi yanapunguza mwendo, abiria wanashuka, na mwenye vitunguu au madumu ya mafuta ya alizeti anapata mteja. Tuseme akina mama watano wa hapo wameunda kikundi na wanataka kuweka kibanda kando ya barabara. Wanaambiwa: andikeni barua ya kuomba ruhusa. Wanaandika kwa mwandiko mzuri, wanaipeleka kwa mtendaji wa kijiji, wanasubiri. Mwezi unakwisha. Mtendaji hajawabania; hana tu mamlaka ya kuwapa walichoomba.

Swali la kwanza la barua ya ruhusa ni nani anayeamua. Lugha, mpangilio na saini vinafuata nyuma. Barabara kuu ile iko chini ya Wakala wa Barabara, yaani TANROADS, na kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ombi la kutumia eneo lililo ndani ya mita hizo ni la Meneja wa TANROADS wa Mkoa wa Singida. Kibanda kikiwa kando ya barabara ya mtaani inayohudumiwa na TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, barua inaelekea huko. Kikiwa nje kabisa ya hifadhi, juu ya ardhi ya kijiji, mwenye neno ni halmashauri ya kijiji. Na hata hiyo halmashauri haigawi ardhi kwa utashi wake, kwani Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka ipate kwanza ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao hauitishwi kila wiki. Kibanda kile kile, mbao zile zile, kikisogezwa hatua chache kinabadilisha ofisi, sheria na muda wa kusubiri.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimekaa masjala miaka mingi, na nimeona barua nzuri zikifia humo kwa kosa la anwani.

Wengi hawajui barua inakwenda wapi ikishapokewa. Inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, inaandikwa kwenye rejista, kisha inawekwa ndani ya jalada linalohusu jambo lake na kupewa namba ya folio. Jalada ndilo linalopanda kwa mkuu wa ofisi. Mara nyingi mkuu haamui papo hapo. Anaandika dokezo fupi, mfano, "Afisa Ardhi, shauri," na jalada linashuka tena. Yule anayetakiwa kushauri hakujui, hakuona uso wako, wala hukuwepo kumweleza. Ana karatasi yako tu. Kama karatasi haisemi kibanda kina ukubwa gani na kitakaa wapi, hawezi kushauri lolote zaidi ya kwamba mwombaji aitwe atoe maelezo. Wito huo unakugharimu nauli nyingine ya kwenda ofisini na siku nyingine ya kufunga biashara.

Kutokana na safari hiyo ya jalada utaona kwa nini barua moja inabeba jambo moja. Ukichanganya ombi la kibanda na malalamiko kuhusu ushuru, masjala italazimika kuchagua jalada moja, na jambo la pili litazikwa mahali ambapo hakuna atakayelitafuta. Mambo mawili, barua mbili, hata kama zote zinakwenda kwa mtu yule yule siku ile ile.

Wale akina mama wangeweza kuandika hivi, baada ya anwani yao na tarehe juu kulia, anwani ya Meneja kushoto, na neno "Ndugu" la kufungulia:

"KUH: MAOMBI YA RUHUSA YA KUWEKA KIBANDA CHA BIASHARA, MISIGIRI

Sisi ni kikundi cha wanawake watano, wakazi wa Kijiji cha Misigiri, Wilaya ya Iramba. Tunaomba ruhusa ya kuweka kibanda cha mbao cha kuuzia mafuta ya alizeti, chenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3, upande wa kushoto wa barabara ya kwenda Nzega. Kibanda hakitakuwa na msingi wa zege na kinaweza kuondolewa kwa siku moja. Tunaomba kukitumia kwa miezi 12 kuanzia tarehe 1 Julai. Tumeambatisha mchoro wa eneo na barua ya utambulisho ya Mtendaji wa Kijiji. Tuko tayari kumwonyesha afisa wako eneo hilo siku atakayopanga."

Ombi limetajwa katika sentensi ya pili. Waombaji wengi huliweka mwishoni, baada ya aya tatu za kueleza ugumu wa maisha, kana kwamba msomaji anapaswa kulainishwa kwanza. Ugumu wa maisha ni wa kweli, na siudharau hata kidogo. Lakini meneja hakuulizwa kama maisha ni magumu. Kaulizwa kuhusu barabara, na hofu yake ni kwamba leo ni mbao, kesho ni tofali, keshokutwa ni kesi ya fidia. Sentensi ya msingi wa zege inajibu hofu hiyo kabla hajaitaja. Hata hivyo anaweza kukataa, na anayo haki hiyo. Kukataa kwake kukiwa kwa maandishi yenye sababu, angalau kikundi kinajua kitafute eneo nje ya hifadhi.

Katika barua hiyo hamna "baada ya salamu". Salamu ndefu ni urithi wetu wa heshima. Barua za pwani za zamani, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilianza kwa salamu na dua kabla ya kugusa jambo lenyewe. Mahali pake ni barua ya ndugu na rafiki. Barua ya ofisi ilipata sura nyingine, hasa baada ya serikali kuagiza mwaka 1967 kwamba shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili. "Ndugu" ya kufungulia na "Wako katika ujenzi wa taifa" ya kufungia zinanukia miaka hiyo, nami nazipenda zote mbili, kwa kuwa zinamweka mwombaji na mwombwa katika kazi moja.

Siwezi kusema hivyo kuhusu sentensi iliyozagaa kuliko zote: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Hebu kitazame kitenzi chenyewe. "Husika", kikisimama bila kiambishi cha nafsi, ni amri, sawa na "soma" au "kaa". Mwombaji anaanza kwa kumwamuru meneja ahusike! Na hata ukiisamehe sarufi, sentensi haina kazi, maana kichwa cha habari kiko pale pale juu na kila mtu anakiona. Ifute. Anza na "Mimi ni" au "Naomba". Ifute pia "naomba kuomba".

Kuna barua nyingine zinazoitwa za ruhusa ilhali si za ruhusa. Mwajiriwa anayeandika "naomba likizo ya mwaka" haombi hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 28 mfululizo zenye malipo. Mwajiri anachopanga ni wakati wa kuzichukua, kwa hiyo kinachoombwa ni tarehe. Barua iseme hivyo: "Napendekeza likizo yangu ya mwaka ianze tarehe fulani," na itaje nani atashika kazi. Aliyefiwa na mzazi, mwenzi au mtoto ana siku zisizopungua 4 kwa sheria hiyo hiyo, na baba aliyepata mtoto ana 3. Ukiziomba kama sadaka, unamzoesha mwajiri kudhani anaweza kuzinyima. Unayemwandikia ni mkuu wa taasisi, lakini barua ipitie kwa msimamizi wako wa karibu, kwa maneno "Kupitia kwa" na cheo chake, naye aandike maoni yake kabla haijapanda. Mwalimu anayemruka mwalimu mkuu akaandika moja kwa moja halmashauri ataona barua inarudi shuleni kuulizwa maoni yale yale.

Kwa mikutano ya hadhara na maandamano, sheria ya Jeshi la Polisi inamtaka mwandaaji apeleke taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi msimamizi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla, akitaja mahali, muda na madhumuni. Neno la sheria ni taarifa. Anayeandika kichwa "Maombi ya ruhusa" amejishusha kuliko sheria inavyomtaka. Polisi wana uwezo wa kuzuia mkutano kwa sababu zilizotajwa na sheria, lakini mtoa taarifa aanze na neno sahihi.

Ruhusa, idhini na kibali nazo watu huzitumia kama kitu kimoja. Katika matumizi ya ofisini, mkuu anatoa idhini, nawe unaondoka na kibali, yaani karatasi yenye namba, masharti na mwisho wa muda. Ukiambiwa kwa mdomo "mmeruhusiwa, nendeni", bado huna cha kumwonyesha mkaguzi atakayekuja mwakani, wakati aliyekuruhusu amekwisha hamishiwa mkoa mwingine. Omba jibu la maandishi ndani ya barua yenyewe, kwa sentensi moja ya adabu.

Kama barua yako ni ya halmashauri ya wilaya, basi kabla hujapanda gari la Kiomboi, toa nakala mbili. Moja inabaki ofisini. Ya pili iombee muhuri wa kupokelewa pale pale dirishani, wenye tarehe ya siku hiyo, kisha rudi nayo Misigiri uihifadhi. Siku utakapofuatilia, masjala wataanzia kwenye tarehe hiyo kulitafuta jalada lako.