Sumaku na Mashine Itetemayo

Wanafunzi wetu hutumwa mashineni kusaga nafaka. Tuwaulize: kwa nini kibao cha hatari kilichobandikwa kwa sumaku kwenye mashine huteremka? Sumaku hukivutia kibao kwenye chuma. Kinachokizuia kisiteleze ni msuguano. Mtetemo huudhoofisha msuguano huo, na vumbi la unga huitenga sumaku na chuma.

Mwalimu abandike sumaku ubavuni mwa kopo la chuma, kisha aongeze karatasi moja moja katikati, huku akiligonga kopo; mwishowe sumaku itateleza.

Basi kibao kiwekwe mahali bapa, palipofutwa vumbi. Walakini onyo la mkanda uzungukao lisitegemee sumaku pekee: mashine izimwe, kibao kifungwe kwa bolti. Kibao kilichoanguka hakimwonyi mtoto.