Uvimbe wa kichwani: picha inaweza kusema ni mkali kabla ya kisu?

Swali lenyewe ni hili: mgonjwa kapigwa CT scan, kaambiwa ana uvimbe kwenye ubongo, aende Dar, MOI pale Muhimbili. Ukoo umekaa kikao. Tusubiri kuvuna mpunga kwanza, au tupande treni ya Tabora wiki hii hii?

Inategemea uvimbe ni mkali kiasi gani. Kuna wa daraja la 1, unakua taratibu, mtu anakaa nao miaka. Na kuna wa daraja la 4, kama glioblastoma, ambao ndani ya wiki chache unambadilisha mtu kabisa.

CT scan inatumia eksirei. Ni ya haraka, inaonyesha damu iliyovuja na mifupa vizuri. Kwa ukali wa uvimbe, MRI ndiyo mwenyewe. Hiyo haina eksirei, ni sumaku kubwa inayosoma maji yaliyomo mwilini (ndo maana unaambiwa uvue saa na pete, na useme kama una chuma mwilini).

Mgonjwa anachomwa sindano ya dawa ya kung'arisha picha. Mishipa ya ubongo mzima haivujishi dawa hiyo. Uvimbe mkali unaharibu ukuta wa mishipa, dawa inavuja, panang'aa. Mara nyingi inaonekana pete nyeupe yenye giza katikati: uvimbe umekua haraka kuliko damu inayoulisha, kati pamekufa.

Ila msikimbilie kulia. Kuna uvimbe wa watoto wa daraja la 1 unaong'aa vilevile, na kuna mkali usiong'aa. Kwa hiyo mashine hiyo hiyo inaulizwa maswali mengine. Maji yanatembea vipi? Seli zikibanana kama abiria wa basi la Sumbawanga, maji hayana pa kupita. Damu inayoingia ni nyingi kiasi gani? Uvimbe mkali unajiotesha mishipa yake. Pia inapima kemikali bila kuchoma sindano: koline ikipanda, ujue seli zinazaliana.

Sasa sikilizeni watu wa Katavi. Pete kama ile inaweza pia kuwa TB ya ubongo, au mayai ya tegu wa nguruwe yaliyogeuka vifuko kichwani. Kule Mbulu, watafiti waliofanya kazi na hospitali ya Haydom waliwakuta wadudu hao kwa baadhi ya wagonjwa wa kifafa. Mtu wa namna hiyo huenda akahitaji vidonge tu, sio kisu! Kwa hiyo mwambieni daktari kama kwenu mnafuga nguruwe, na kama kuna mtu nyumbani aliwahi kuugua TB.

Neno la mwisho ni la maabara, baada ya kukata kinyama. Tangu 2016 mwongozo wa WHO unataka na vinasaba viangaliwe. Picha inamwonyesha daktari wapi pa kukata, maana uvimbe mmoja unaweza kuwa mpole upande huu na mkali upande ule.

Mkisafiri bebeni CD ya picha zote, sio karatasi ya majibu peke yake. Na kama mgonjwa anatapika asubuhi kichwa kikiuma, mkono mmoja unalegea, au kaanza degedege ukubwani, huyo asisubiri mavuno. Apande treni, mpunga watavuna ndugu.