Dawa ya Mgonjwa Isihesabiwe Kosa: Wafanyakazi Tuandike Magazetini

Ndugu wafanyakazi,

Katika viwanda vya Bujumbura na katika mashamba ya chai na miwa, neno bangi, au urumogi kama wengi wetu tunavyoliita, hutajwa kwa sauti ya chini. Hutajwa mtu anapokamatwa, au kijana wa jirani anapoharibikiwa. Sisi wa Kibenga tumeona ni wakati wa kulitaja kwa sauti ya kawaida, kwa sababu lina upande mmoja unaotuhusu sana sisi watu wa mshahara mdogo, nao ni upande wa dawa.

Tuseme mapema tusije tukaeleweka vibaya. Hatutetei ulevi. Mtu aliyelewa, awe amelewa bia au bangi, hafai kusimama mbele ya mashine wala kushika usukani wa lori la kiwanda. Atajikata yeye au atamkata mwenzake. Jambo tunalolisemea hapa ni la mgonjwa, daktari wake na dawa iliyopimwa.

Dawa gani hiyo?

Ndani ya mmea wa bangi mna vitu vingi, lakini viwili ndivyo vinavyojulikana zaidi. Kimoja huitwa THC, nacho ndicho kinacholewesha. Cha pili huitwa kanabidioli, nacho hakileweshi. Mwezi wa Juni 2018 serikali ya Marekani iliidhinisha dawa ya maji iitwayo Epidiolex, iliyotengenezwa kwa kanabidioli safi, kwa ajili ya aina mbili za kifafa kikali cha watoto ambazo si za kawaida. Nchi za Ulaya zilifuata mwaka 2019. Kabla ya hapo, mwaka 1985, Marekani ilikwisha idhinisha dawa ya THC ya kuwapunguzia kichefuchefu wagonjwa wa saratani wanaotibiwa kwa dawa kali. Hivi ni vidonge na chupa zenye kipimo, vinavyotolewa na daktari. Havihusiani na msokoto unaouzwa gizani.

Kwa nini tunakitaja kifafa? Kwa sababu ni ugonjwa tunaoishi nao. Utafiti uliofanywa Kiremba, kaskazini mwa nchi yetu, na kuchapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba tegu wa nguruwe anayeingia mwilini ni chanzo kikubwa cha kifafa nchini Burundi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni choo safi, maji safi na nyama ya nguruwe iliyoiva. Kazi ya pili ni kuhakikisha fenobabitali, dawa ya kifafa ya siku nyingi na ya bei nafuu, haikosekani katika zahanati. Dawa ya bangi inakuja baada ya hizo, kwa yule mtoto ambaye daktari amejaribu nyingine zikashindwa. Anayewaambia watu kwamba bangi inaponya kila kifafa na kila saratani anawadanganya, na anatuharibia kazi.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Jinai ya Burundi, iliyorekebishwa tarehe 29 Desemba 2017, inaadhibu kulima bangi, kuiuza na kuitumia. Wapo wanaodhani kwamba mikataba ya dunia imefunga mlango kabisa, hata kwa hospitali. Sivyo. Mkataba wa dawa za kulevya wa mwaka 1961 wenyewe unakiri kwamba dawa hizo zinahitajika kupunguza maumivu ya wagonjwa. Tena tarehe 2 Desemba 2020, mjini Vienna, tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya ilipiga kura kuiondoa bangi katika orodha ya nne ya mkataba huo, orodha iliyo kali kuliko zote. Waliokubali walikuwa 27, waliokataa 25, na mmoja hakupiga upande wowote. Bangi ilibaki katika orodha ya kwanza, ambamo imo pia mofini. Mofini kila mtu anaijua kuwa ni dawa ya hospitali. Basi kuwamo katika orodha ile hakumzuii daktari kuitumia dawa, mradi nchi iwe imeweka utaratibu.

Jirani zetu Uganda walionyesha jinsi utaratibu unavyowekwa. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Kampala huduma ya wagonjwa wenye maumivu makali, wakipewa mofini ya unga iliyochanganywa na maji, ya kunywa nyumbani. Madaktari walikuwa wachache, na mgonjwa wa kijijini hakuweza kuwafikia. Mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni ili wauguzi na waganga wasaidizi waliopata mafunzo maalumu nao waweze kuiandika. Hapo dawa iliyoogopwa iliweza kumfikia mnyonge kitandani pake, na serikali ikaigawa bila malipo. Tunaukumbusha mfano huu kwa sababu hofu iliyokuwapo juu ya mofini ndiyo hiyohiyo iliyopo leo juu ya bangi ya dawa.

Tahadhari kwa watu wa mashamba

Ndugu zetu wa Teza, Rwegura na Moso watuelewe hapa. Nchi nyingi za Afrika zimefungua mlango, lakini mara nyingi mlango huo ni wa mfanyabiashara. Lesotho ilitoa leseni mwaka 2017. Zimbabwe ilifuata mwaka 2018, na ada ya leseni ikawekwa dola 50,000 za Marekani. Nani kati ya watu wa jembe ana fedha hizo? Malawi ilipitisha sheria yake mwaka 2020. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, Rwanda iliamua kuruhusu kilimo cha bangi ya dawa, na serikali ikaeleza kwamba mazao ni ya kuuzwa nje, na kuvuta bangi nchini kunabaki kosa.

Sisi tunaochuma majani ya chai tunajua maana ya zao linalopanda meli huku mchumaji akibaki na mikono mitupu. Kama siku moja Burundi itaruhusu zao hili, tunataka mambo mawili yaandikwe katika sheria tangu mwanzo. Kwanza, dawa impate mgonjwa wa hapa kwa bei anayoiweza. Pili, mfanyakazi wa shamba hilo awe na mkataba, bima ya ajali na haki ya chama. Tukingoja mpaka sheria imepita, tutaambiwa tumechelewa.

Kwa nini magazeti?

Wenzetu wengine huuliza: mabadiliko ya sheria si kazi ya wabunge? Ndiyo, lakini mbunge husikia kile kinachosemwa hadharani. Sisi wa Kibenga tunalijua hilo. Ziwa Tanganyika lilipopanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji yakaingia katika nyumba, magazeti na redio vya hapa viliandika na kutangaza, na shida ya mtaa wetu ikajulikana mbali. Shida ya mgonjwa haionekani kama maji. Imefungwa ndani ya nyumba, na wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lazima mtu aitoe nje kwa maneno.

Magazeti tunayo. Kuna Ubumwe na Ndongozi kwa Kirundi, kuna Le Renouveau na Iwacu kwa Kifaransa. Aliye hodari wa Kiswahili tu aandike kwa Kiswahili, na wenzake wamsaidie kutafsiri.

Tujifunze pia kwa Kenya. Mwezi wa Septemba 2018 Ken Okoth, Mbunge wa Kibra jijini Nairobi, aliyekuwa akiugua saratani, alimwandikia Spika barua akiomba msaada wa kutayarisha mswada wa bangi. Habari hiyo ilienea katika magazeti na nchi nzima ikajadili. Lakini mswada ule ulibeba mengi kwa pamoja: matumizi ya kawaida, wakulima, kodi, utafiti na dawa. Okoth alifariki Julai 2019, na mswada haukuwa sheria. Sisi tunashauri barua ya mfanyakazi ibebe jambo moja tu, yaani mgonjwa. Kwa mfano:

“Ndugu Mhariri, sisi ni wafanyakazi tunaoishi Kibenga. Tunaomba nafasi katika gazeti lako. Ziko nchi ambazo sasa zinatenganisha dawa zitokanazo na bangi na bangi ya kulewea. Tunaiomba Wizara ya Afya itueleze: mgonjwa wa Burundi akiandikiwa na daktari dawa ya namna hiyo, je, anaweza kuipata bila kuvunja sheria? Kama hawezi, tunawaomba Wabunge walijadili jambo hili. Hatuombi ruhusa ya kulewa. Tunaomba njia ya mgonjwa. Wasalaam.”

Mwenye kuandika ayakumbuke haya. Barua iwe fupi, isizidi ukurasa mmoja. Usitaje jina la mgonjwa wala mtaa wake bila ridhaa ya nyumba yake. Usiandike kwamba wewe au jirani yako mnaweka mmea nyumbani, kwani hapo utakuwa umejishitaki mwenyewe. Usimfundishe mtu kupika dawa jikoni, maana mtoto anaweza kudhurika. Tarehe na hesabu unazozitaja ziwe za kweli, kwa sababu kosa moja litatosha kwa mpinzani kuitupa barua nzima. Weka nakala. Isipochapishwa, andika nyingine baada ya mwezi. Ikichapishwa, ikate na uibandike kwenye ubao wa matangazo wa kiwanda, ili na asiyenunua gazeti aisome au asomewe.

Na akitokea mtu wa kutupinga gazetini, awe padri, shehe au mzazi aliyepoteza kijana kwa ulevi, tumjibu kwa heshima. Hofu yake ni ya kweli, nasi tuna watoto pia. Tumweleze kwamba sheria inayomtenga mgonjwa na mlevi inampa polisi nafasi ya kumshughulikia mlevi, na inampa daktari nafasi ya kumshughulikia mgonjwa.

Kila tawi lichague watu watatu: mmoja wa kuandika, mmoja wa kutafsiri, mmoja wa kupeleka barua kwa mkono mpaka ofisi ya gazeti. Nakala zitumwe kwetu ili tuzikusanye pamoja, na zikishatosha tuzipeleke Bungeni kwa jina la wafanyakazi.

Umoja ni nguvu.